Mama Yuko Ilagala

Bariki aliingia soko la Mwanga kinyumenyume, akificha suruali iliyochanika nyuma, akajipigiza kwenye cherehani ya Honorata.

"Vua nishone, kaka."

"Nivue hapa?"

"Jifunge kitenge changu. Hutakufa."

Hakufa, ila alipenda. Simu zikawa za kila jioni. Kazi ya Bariki ilikuwa kupima programu mbili za akili mnemba kwa shirika linalowatafutia wakimbizi ndugu zao: ipi inapekua na kujibu vizuri zaidi. Honorata naye alipotezana na mama yake kule Kagunga, mwaka ule watu walipomiminika kutoka Burundi. Aliapa kwamba posa yake ataipokea mama, au haipokelewi.

Asubuhi moja Bariki akampigia.

"Mpenzi, kaa chini. Mama yuko Ilagala, anauza dagaa! Programu imempata."

"Mana yanje! Mungu wangu!"

Alifunga duka, akavaa gauni lake la njano la Krismasi, akaenda. Ilagala nzima hapakuwa na aliyemjua mwanamke huyo. Alirudi, akampigia Bariki.

"Umenitungia mama ili upate mke!"

"Honorata, haki ya Mungu, ilisema yenyewe!"

"Usinipigie tena."

Hakupiga. Alikuja mwenyewe, macho mekundu, akaweka simu juu ya cherehani.

"Usiniamini mimi. Sikiliza." Akaiuliza programu ileile, "Mama yangu, Eufrasia wa Ujiji, yuko wapi?"

Ikajibu kwa sauti tamu, "Yuko Uvinza, mzima wa afya, anauza chumvi."

Honorata aliinuka ghafla kitini. Majuzi tu yeye na Bariki walikuwa wamepalilia pamoja kaburi la mama huyo.

"Hata mimi nilitaka kukimbilia Uvinza," Bariki alisema. Akaiuliza programu ya pili swali lilelile. Ikajibu, "Sina taarifa zake. Sijui."

"Hii niliipa alama za chini," alisema. "Kila mara sijui, sijui. Nikaona haina akili."

Honorata hakuitazama simu. Alimtazama yeye.

"Na mama yangu, yu hai?"

"Sijui, mpenzi."

Lilimuuma jibu hilo, akalia kwa kwikwi. Lakini alilia begani kwake.

"Posa ipeleke kwa Mama Regina," alisema baadaye. "Ndiye aliyenigawia mkeka kule Kagunga nilipobaki peke yangu. Mama akitokea, utaposa tena."

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Na kitenge changu urudishe."