Daftari la Pumzi za Bosi

Karakana ya seremala ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Humo alipiga randa na msasa, na humo Bosi, paka wa mama mkwe wake, alilala juu ya maranda kama mwenye mali. Mama mkwe alikuwa mjane, na Bosi ndiye aliyemwondolea upweke. Mwaka huo mama huyo alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima. Seremala alimtania kwamba atamaliza madaftari yote dukani.

Asubuhi moja Bosi alijikunyata, akanyoosha shingo, akakohoa wee bila kutapika kitu. Seremala alisema amemeza maranda. Yeye bawaba ikikwama huitia mafuta, basi akamnywesha paka kijiko cha mafuta ya kupikia. Bosi akapaliwa, akaanza kuhema mdomo wazi. Mama mkwe alimtia kwenye kikapu chenye matundu, wakakimbia kwa daktari wa mifugo.

Daktari alimpa hewa na sindano, akampima. Kisha akaeleza bila kukaripia kwamba Bosi ana pumu. Paka akihema mdomo wazi, au ufizi ukigeuka bluu, apelekwe kwa daktari mara moja. Asinyweshwe kitu, maana kinaweza kuingia mapafuni. Akawapa dawa ya kuvuta, na kifuniko kidogo cha kumwekea puani na mdomoni.

"Akilala, mhesabieni pumzi kwa dakika moja," alisema. "Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni moja. Mkiona zimezidi thelathini, rudini."

Seremala aliuliza nani ataandika.

"Mimi," alisema mama mkwe.

Aliandika kila siku. Siku ya tisa alihesabu thelathini na nane. Akarudia, zikawa zile zile. Seremala alisema paka mzima, hata hakohoi. Mama mkwe alichukua kikapu. Seremala akamfuata.

Daktari alisoma daftari mstari kwa mstari. "Mara nyingi ni ishirini na nne. Lakini siku ya nne zilipanda hadi ishirini na tisa, na leo zimepanda tena. Siku hizo mlifanya nini?"

Seremala aliinamisha kichwa. "Nilipiga msasa kabati. Vumbi lilijaa nyumba nzima."

"Mama, daftari lako limeona nisichokiona mimi," alisema daktari.

Siku hiyo hiyo seremala alihamishia benchi lake la kazi uani. Kazi yake ya kwanza huko ilikuwa meza ndogo, yenye droo inayotosha daftari.

"Andikia hapa, mama," alisema.

Bosi aliiwahi meza, akalala katikati. Mama mkwe alihesabu, akaweka daftari kwenye pembe ya meza iliyobaki, akaandika: ishirini na mbili. Akawaambia majirani wote kwamba daktari mzima amesoma mwandiko wake, na ameuelewa.