Tovuti ya Sita

"Mama, umeomba ruhusa mara nne leo. Nne! Simu inalia mpaka bosi ananikodolea macho."

"Si ubonyeze Ruhusu, baba, ikome kulia."

"Sibonyezi. Huyo mtu ni tapeli."

Mwanangu wa kwanza, karani, alisimama sebuleni kwangu, kitambulisho cha kazini bado shingoni. Tangu jirani yetu alaghaiwe na mchumba wa mtandaoni, mwanangu ameifunga kompyuta yangu. Inafungua tovuti tano tu: mahubiri, hospitali, redio, hali ya hewa na shule ya wajukuu. Nikigusa nyingine, swali linakwenda kwenye simu yake: Ruhusu au Kataa. Sikumlaumu. Alifanya kwa mapenzi.

Lakini Fundi Randa hakuwa wa mtandaoni. Ni seremala, mgane wa miaka sita. Jumatatu alinitumia ujumbe kwenye kasimu kangu ka vitufe:

"Mama Mkimya, kusema sijui. Nimetengeneza kitu, picha iko kwenye tovuti yangu. Kitazame. Jumamosi jioni ikipita bila jibu, nitajua umekataa. Nitahamia kwa binti yangu, sitakusumbua tena."

Na Jumamosi ndiyo leo, saa tisa imeshapita.

"Umemjulia wapi?" mwanangu aliuliza.

"Kwenye ibada. Alitengeneza mabenchi yetu bila kuombwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenifungia na ibada."

Mkwe wangu, mke wake, alicheka huko jikoni mpaka mwiko ukamponyoka.

"Haya!" mwanangu alisema. "Nafungua mwenyewe, uuone utapeli wake kwa macho yako."

Akabonyeza simu, akavuta kiti mbele ya kompyuta. Meza. Vitanda. Milango. Kila kimoja na bei yake. Akashuka, akashuka, midomo kaikaza. Mwisho kabisa palikuwa na kabati la mbao nyekundu, mlango mmoja mpana, mwingine mwembamba. Chini yake pameandikwa:

"La Mama Mkimya. Upande mwembamba ni wangu, nguo zangu chache. Haliuzwi."

"Mkimya? Mama huyu huyu?" Mkwe wangu alikuwa keshafika nyuma yetu, anafuta mikono. "Na tapeli gani anajipunja kabati?"

Mwanangu hakucheka. Alijipangusa uso kwa kiganja.

"Na Baba je?"

Kumbe hilo ndilo lililokuwa limemkaa kooni.

"Baba yako namwombea kila alfajiri, na sitaacha. Fundi anajua. Naye ana wake wa kumwombea."

"Na hili umeliombea?"

"Siku arobaini, tangu moyo uanze kumwelekea. Nilisema, kama ni baya, Mungu alitoe moyoni mwangu. Halijatoka, mwanangu."

Mwanangu aliiandika tovuti ile kwenye orodha, ikawa ya sita, akaniachia kiti.

"Mjibu, Mama. Jioni hiyo inaingia."

Nilitazama kabati mpaka nikashiba. Nikachukua kasimu kangu, nikaandika kwa kidole kimoja:

"Nimeliona. Ongeza rafu ya chini. Vitabu vyangu vya sala ni vizito."

Jibu halikukawia:

"Nakuja kuvipima."

Mwanangu alisoma juu ya bega langu. Akavua kitambulisho, akakunja mikono ya shati.

"Mwambie aje kesho, na wazee wake, tuzungumze kama watu," alisema. "Leo niache kwanza nikuhamishie hicho kitanda chako kinachoziba mlango wa chumbani. Atapitaje na kabati kubwa hivyo?"