Kucha Ndani ya Gitaa

Mnisamehe mapema. Hadithi hii inamtaka mtu mwenye sauti nzito na uso wa msiba, nami nimeishi kwa kuchekesha watu jukwaani tangu kichwa changu kina nywele. Nikiharibu pa kutisha, jitisheni wenyewe.

Alikuwepo mpiga gitaa, tukimwita Makucha kwa kuwa alifuga kucha za mkono wa kulia, ndefu, zinang'aa. Ndizo zilizocharaza gitaa lake kavu, lile la mbao lisilojua waya wala spika. Mkewe hakuthubutu kumpa hata kitunguu amenye. Jioni akimpigia bintiye wimbo wa kulala, majirani nao walisinzia.

Lakini kiongozi wa bendi yake, mtu wa tumbo na maneno mengi, alimwambia wazi kwamba gitaa kavu halisikiki ukumbini. Kesho aje na la umeme, ama abaki nyumbani abembeleze mtoto. Na chakula cha nyumba ile chote kilitoka kwenye bendi.

Basi jua likizama, Makucha akaingia kwa fundi wa magitaa. Kachumba kembamba, magitaa yamening'inia ukutani kwa shingo. Kulinuka gundi, na chini ya gundi... kama nywele zilizoungua.

Fundi akashusha gitaa la umeme, jekundu. Pesa hakutaka. Wabadilishane tu, alisema.

Makucha akasitasita. Akalipapasa lile kavu kama mtu anayemuaga mgonjwa. Kisha akalilaza mezani.

"Kata na kucha, bwana," fundi akanong'ona. "Hili linataka kiplastiki cha kuchapia nyuzi. Kucha zitakwama."

Hilo halikumshangaza. Wenzake wote wa magitaa ya umeme walikuwa na kucha fupi. Akazikata palepale.

Ti... ti... ti...

Fundi akazikusanya kwa brashi, taratibu, akazitumbukiza kwenye tundu la gitaa kavu.

"Mbona unaziweka humo?"

"Zimelizoea."

Akalitikisa kidogo. Chaka... chaka...

Kesho yake ukumbini, wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, watu wakacheza. Katika wa pili, kiplastiki kikamponyoka. Kabla hajainama kukiokota, vidole vikaanza vyenyewe.

Wimbo wa kulala wa binti yake.

Polepole kwanza. Halafu mbio, mbio zaidi, kama mtu anayejikuna upele. Ngozi ya vidole ikachanika, damu ikarukia shati. Mkono wa kushoto ukaiachia shingo ya gitaa uje kuukamata wa kulia. Wimbo haukukosea hata kidogo.

Akamsogelea kiongozi wa bendi.

"Kaka... mkono si wangu. Nizuie."

Kiongozi akadhani ni vituko vya jukwaani. Akashika maiki akawatangazia watu kwamba huyu bwana anasema mkono si wake, aliyepoteza wake aje autambue. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Umeme ukakatika. Spika zikanyamaza.

Gitaa halikunyamaza.

Gizani lilisikika kavu, la mbao, na ndani yake kitu kikitikisika. Chaka... chaka... Na ile harufu ya nywele.

Asubuhi waliokwenda kwa fundi walikuta kufuli limeshikana kwa kutu, kama halijafunguliwa miaka. Wakachungulia dirishani. Gitaa kavu lilikuwa ukutani, peke yake. Nyuzi zilikuwa zinatetemeka.

Kucha za Makucha hazikuota tena. Mkewe huufunga mkono ule kitandani kwa khanga. Kila jioni vidole hucheza chini ya shuka, na kule chumba cha pili binti hulala fofofo. Mama yake humwita, humtikisa, hummwagia maji. Haamki mpaka vidole vitulie. Na kila siku vinazidi kuchelewa kutulia.

Wapo wanaomlaumu fundi. Wapo wanaosema Makucha alikuwa na tamaa. Lakini mle gizani vidole vilikuwa vimeshaanza kulegea, na watu wameshainuka waende zao. Aliyewarudisha vitini, akawaomba waseme "tena, tena" mpaka vidole vikashika kasi upya, ni yule kiongozi wa bendi mwenye tumbo.

Tumbo lile ni langu. Niliwaambia kutisha sijui. Kuchekesha ndiko ninakokuweza.