Matone Tisa ya Jumatano

Kila siku ya shule, Wacera aliporudi nyumbani kwao Kibomet, mjini Kitale, alichukua ufunguo kwa jirani yao, Mama Joan, akavua sare, akateka maji mitungi miwili na kufagia ua. Mwaka huo wa 2006, alipokuwa darasa la sita, aliongezewa kazi moja ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa nayo. Alihesabu matone.

Kazi hiyo ilitokana na masomo ya mama yake, Tabby. Tabby alikuwa mwosha vyombo vya maabara katika zahanati moja mjini. Aliacha shule akiwa msichana mdogo, akarudi kusoma akiwa mtu mzima katika madarasa ya ngumbaru, na akafanya mtihani wa kidato cha nne akiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Sasa alikuwa amejiandikisha kwa kozi ya utangulizi wa kemia katika chuo kinachofundisha watu wakiwa makwao. Vijitabu vilikuja kwa posta, naye alivisoma huku akisonga ugali. Jumamosi moja ya kila mwezi, yeye na wenzake walikutana na mwalimu wao huko Kanduyi, pembezoni mwa mji wa Bungoma, katika darasa la kukodi. Akifaulu kozi hiyo, zahanati ingemdhamini asomee ufundi wa maabara.

"Nimeosha chupa za watu miaka minane," alipenda kusema. "Sasa nataka kujua kilichokuwa ndani."

Kijitabu cha tatu kilikuwa na jaribio la kufanyia nyumbani kwa siku saba. Wanafunzi walitakiwa kupima jinsi asidi inavyoongezeka katika maziwa yanayochacha. Tabby alijaza maziwa mabichi katika chupa ya jamu, akaifunika kwa kitambaa na kuiweka mezani. Kila siku saa kumi alasiri, kijiko kimoja cha maziwa hayo kilitiwa katika kikombe cheupe pamoja na matone matatu ya dawa ya kiashiria iliyotumwa na chuo, ambayo hubadili rangi asidi inapoisha. Kisha munyu ulidondoshwa humo, tone baada ya tone, kwa kibomba cha mpira kama kile cha dawa ya macho, mpaka maziwa yageuke rangi ya waridi. Munyu huo ni yale maji ya majivu ambayo Mama Joan, mzaliwa wa Matulo, aliyachuja kutoka kwa maganda ya maharagwe yaliyochomwa, ili kulainishia mboga za kunde.

"Munyu ni besi," Tabby alimweleza bintiye. "Asidi ikiwa nyingi, ni lazima munyu uwe mwingi ili uishinde. Kwa hiyo matone yakiongezeka, tunajua maziwa yamechacha zaidi. Saa kumi mimi huwa kazini. Utanihesabia?"

"Nitahesabu, Mama."

"Basi andika kile utakachokiona. Mwishoni mwa ripoti nitatia sahihi kwamba hakuna nambari iliyobuniwa. Anayebuni huondolewa katika kozi, wala harudishwi."

Jumamosi na Jumapili walihesabu pamoja. Walipata matone tisa, kisha kumi na moja. Jumatatu Wacera alihesabu peke yake, akapata kumi na sita, akaandika daftarini kwa mwandiko wake bora.

Jumanne, alipokuwa akienda kuchukua kikombe, rafiki yake Joan alimwita kutoka langoni. Nyuma yake walikuwa wasichana wengine watano.

"Wacera, si uje, bana! Tuko na mechi ya netiboli na watu wa mtaa wa chini, na tumepungukiwa na mmoja."

"Ngojeni nihesabu matone kwanza."

"Ati matone?" Joan alishika kiuno. "Kumbe mamako yuko chuo kikuu cha jikoni, na wewe ndiye profesa wa maziwa lala!"

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Wacera aliona uso wake ukipata moto.

"Maziwa hayana miguu," Joan aliongeza kwa sauti ya upole. "Utayakuta palepale."

Wacera alikwenda. Walicheza, wakashinda, wakaimba, na aliporudi jua lilikuwa linatua. Tayari sauti ya mama yake ilisikika nje akimsalimu Mama Joan. Wacera alilifungua daftari haraka. Tisa, kumi na moja, kumi na sita. Akaona kwamba ishirini na mbili ingefaa, akaiandika.

"Leo ni ngapi?" Tabby aliuliza alipoingia.

"Ishirini na mbili."

"Yanapanda vizuri! Asante sana, mwanangu."

Jumatano Wacera alirudi mbio, akiwa amejiapiza kutokosa tena. Juu ya meza alikuta mkungu mdogo wa ndizi, akajua kwamba nyanya yake, Cucu Wamboi, alikuwa amepita akitoka kwake Cherangani kuja mjini. Aliketi, akaanza kudondosha munyu. Alipofika tone la tisa, maziwa yaligeuka waridi.

Alimwaga, akaosha kikombe, akarudia. Tisa tena. Aliyatazama maziwa yenyewe, akayaona mepesi, hayana mabonge wala harufu kali. Angewezaje kuandika tisa baada ya ishirini na mbili? Mama angeuliza yaliyotokea Jumanne, na ya Jumanne yeye hakuyaona. Mwishowe aliandika ishirini na nane.

Alhamisi alihesabu kumi na mbili, akaandika thelathini na tatu. Ijumaa alihesabu kumi na sita, akaandika thelathini na nane. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa watoto watatu, na wote walihitaji kulishwa.

Ijumaa hiyo jioni alidhamiria kusema ukweli. Lakini Tabby aliingia akiwa na uso uliong'aa, akanakili nambari zote saba katika ripoti yake, akachora mstari uliopanda kama kilima, kisha akatia sahihi.

"Mungu akubariki," alisema, akimkumbatia. "Bila wewe nisingeweza. Kesho nakupeleka Kanduyi, mwalimu wangu akujue. Tutaibeba na chupa hii ya maziwa, maana kijitabu kinasema yatapimwa mbele ya darasa."

Wacera aliitikia tu kwa kichwa. Shukrani ile ilimchoma kuliko kiboko.

Asubuhi walifika Kanduyi. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne, wote watu wazima, kila mmoja na chupa yake ya maziwa na ya munyu. Mwalimu wao, Jairus Mukhisa, alikuwa mtu mrefu mwenye koti la maabara lililofuliwa mpaka likachakaa. Alimsalimu Wacera kwa heshima, akampa kiti mbele.

"Huyu ndiye msaidizi wako, Mama Wacera? Karibu, mwenzetu."

Alipima maziwa ya wengine, akalinganisha na ripoti zao, akaridhika. Ikafika zamu ya Tabby. Mwalimu alidondosha munyu huku darasa zima likihesabu kwa sauti. Walipotamka ishirini na tano, maziwa yaligeuka waridi.

Mwalimu Jairus aliitazama ripoti. "Jana yalikuwa thelathini na nane?"

"Ndiyo, Mwalimu," Tabby alijibu.

Rotich, mkulima wa makamo aliyeketi nyuma, akatania, "Mama Wacera, hiyo ng'ombe yako inatoa maziwa ya kurudi nyuma?"

Watu wakacheka, lakini mwalimu hakucheka. "Maziwa yaliyochacha hayawezi kurudi kuwa mazuri. Mama Wacera, niambie ukweli. Nambari hizi zilihesabiwa au zilibuniwa? Unajua sheria ya kozi."

"Zilihesabiwa na mwanangu," Tabby alisema, akiwa amesimama wima. "Nami sina shaka naye hata kidogo."

Wacera alimwangalia mama yake akiwa amesimama peke yake mbele ya watu wazima wote wale. Aliinuka. Akasogea kando yake.

"Mwalimu, mama hana kosa. Ni mimi niliyebuni. Jumanne nilikwenda kucheza, nikaandika tu. Jumatano nilipata tisa, nikaogopa kuandika. Alhamisi ni kumi na mbili. Jana ni kumi na sita. Nisamehe, Mama."

Tabby alifunika uso kwa viganja.

Mwalimu Jairus alichukua chaki, akaandika ubaoni: 9, 11, 16. Chini yake akaandika: 9, 12, 16. Akarudi nyuma hatua moja, akatazama.

"Hebu oneni," alisema polepole. "Siku tatu za kwanza na siku tatu za mwisho zinakaribia kuwa sawa. Huyu mtoto anahesabu vizuri sana. Ila Jumatano maziwa yalianza upya. Nani aliyafikia?"

Tabby aliinua kichwa. "Jumatano ndiyo siku mama yangu alipita nyumbani."

Mwalimu alimpa simu yake, naye akampigia mama yake na kumuuliza. Sauti ya Cucu Wamboi ilisikika mpaka madirishani. "Ile takataka ya chupa? Niliimwaga! Nikaosha chupa, nikatia maziwa ingine safi ya ng'ombe yangu. Mgeni akiingia akute maziwa imeoza mezani, si atasema sikukulea?"

Darasa zima lilicheka, hata Tabby akacheka huku machozi yakimtoka.

"Binti yangu," Mwalimu Jairus alimgeukia Wacera, "nambari yako ya thamani kuliko zote ilikuwa ile tisa. Ilikuwa ikikwambia kwamba kuna jambo limetokea ndani ya nyumba. Ungeiandika, mama yako angeuliza, na tungejua siku ileile. Uliificha ili uongo wa Jumanne usijulikane."

Kisha akamwambia Tabby, "Ripoti hii siwezi kuipokea. Lakini wewe hukudanganya, na mkosaji amejitaja mwenyewe kabla hajashikwa. Rudia jaribio lote. Niletee mwezi ujao, na uandike pia yote yaliyoharibika katika hili la kwanza."

Siku saba zilizofuata, Wacera hakwenda popote saa kumi. Joan alipokuja kumwita, alimkaribisha ndani, na siku ya tatu Joan mwenyewe akaomba kushika kibomba. Siku moja Wacera alipoteza hesabu katikati, akaandika daftarini, "Nimepoteza hesabu, nimeanza tena." Mama yake aliposoma sentensi hiyo aliirudia mara mbili kwa sauti.

Mwezi uliofuata ripoti ilipokelewa, na Tabby akaruhusiwa kuufanya mtihani wa mwisho. Kabla ya Krismasi barua ilikuja kwa posta. Alikuwa amefaulu, na zahanati ikakubali kumdhamini. Tabby aliiweka barua mezani, akamketisha bintiye karibu naye.

"Nakushukuru, Wacera," alisema.

"Mama, mimi karibu nikuharibie kila kitu."

"Ni kweli, na iliniuma sana. Lakini sikiliza. Karibuni nitakuwa maabarani, na mbele yangu patakuwa na damu ya mtoto wa mtu. Daktari atatoa dawa kwa kufuata nitakachoandika mimi. Siku nitakapoona nambari inayonitisha, sitakuwa na ruhusa ya kuandika ile ninayoipenda. Kitabu kilinifundisha asidi na besi. Hilo jingine nilifundishwa na wewe, siku uliposimama ukitetemeka mbele ya watu. Sema ulichokiona, mwanangu, hata kikikuaibisha, kwa maana anayekutegemea hana macho mengine ila yako."