Jina la Thadeo kwenye Seva

Thadeo alikuwa ameshazikwa kijijini kwao Masanze, lakini asubuhi ile jina lake lilikuwa bado linaonekana kwenye seva.

Yusrah hakushtuka. Tangu mwekezaji alinunue shamba la mkonge kutoka serikalini, yeye ndiye aliyeitunza seva pale ofisi ya Kilosa, ile kompyuta kubwa ambayo makarani wa Mikumi waliitumia wakiwa hukohuko kwao. Wengi waliondoka bila kufunga, sesheni zao, yaani nafasi walizofungua humo kwa majina yao, zikabaki wazi, zikiichosha mashine bure. Kazi yake ilikuwa kuzikata. Akaikata ya marehemu, akamwombea pumziko jema, akaenda kunywa chai.

Aliporudi, ilikuwa imefunguka tena. Safari hii haikuwa imelala. Kulikuwa na mtu anaandika.

Akampigia Lea, karani aliyekuwa akifanya kazi chumba kimoja na Thadeo huko Mikumi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Lea, nani kakalia kiti cha Thadeo?"

"Hakuna mtu, dada. Ila vitufe vinalia." Akashusha sauti. "Na kunanukia udi. Humu hakuna anayechoma udi."

"Chomoa waya."

"Nimeshachomoa."

Wakamwita Mzee Mashauri, mganga wa Kisanga. Alijifungia mle chumbani tangu asubuhi mpaka jua la utosi, kisha akamwomba Lea simu azungumze na Yusrah.

"Mwanangu, yule si mwenzenu. Mwenzenu kapumzika. Huyu ni jini, kakuta nafasi ya mtu imeachwa wazi, akaingia. Huvaa jina la mwenye nafasi."

"Ametoka, mzee?"

"Jina hilo amelivua." Mganga akavuta pumzi. "Aliniuliza nani alikuwa akimkata."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia. Alikuwa anajua."

Jina la Thadeo halikuonekana tena, lakini Yusrah hakupata raha, kwa maana kila alipoinua mikono kutoka kwenye vitufe alisikia vikiendelea kulia mahali fulani nyuma ya kisogo chake, taratibu, kwa mwendo uleule wa vidole vyake, na harufu ya udi ikamfuata mezani, ikaingia kwenye nguo, ikakaa kooni, hata siku moja alipotazama kioo cha kompyuta akaona jina lake mwenyewe limejitokeza mara mbili, moja Kilosa na jingine Mikumi, na lile la Kilosa likazimika mbele ya macho yake bila yeye kugusa kitu.

Simu ikaita. Alikuwa Lea, ananong'ona.

"Dada, mtu amekaa kwenye kiti. Amenipa mgongo. Amejitanda mtandio kama wako."

"Toka nje, Lea. Usimsemeshe."

Lakini woga ulimrudisha binti kwenye adabu aliyolelewa nayo. Yusrah akamsikia akisema, mbali kidogo na simu, "Shikamoo."

Ikaitika sauti ya Yusrah.

"Marahaba, mdogo wangu. Funga mlango."