Sauti Iliyodandia Waya

Spika zilikuwa zinavuma. Hilo lisingekuwa ajabu, ila mvumo wenyewe ulikuwa unapumua.

Kitinda alimwambia kaka yake, naye akacheka. "Tangu lini spika ikawa na mapafu? Hebu shika tochi."

Alishika. Tangu asubuhi alikuwa ameshika tochi, koleo na hasira zake. Kaka alishabadilisha plagi, soketi, hata meza, na kila akimaliza anasema "sasa basi," kisha mvumo unarudi kama unawakebehi. Kitinda alitamani kulia. Mama yao alifariki yeye akiwa mchanga, kaka akiwa ndiyo kwanza anatembea, na kilichobaki ni kaseti moja ya mama akimbembeleza kwa wimbo. Sauti ile tamu ndiyo mama pekee aliyemjua. Sasa mvumo ulikuwa unaimeza, na kila wakiicheza sebule ilinuka maziwa yaliyoungua, ilhali jikoni hakukuwa na moto.

"Shangazi, njoo usikilize!"

"Humo sitii mguu," shangazi alijibu kutoka uani. Hakuwahi kuisikiliza kaseti ile. Alisema ingemrudisha msibani.

Kaka aliufuata waya kwa kidole. Ulitoka kwenye mashine ya kaseti, ukapita ndani ya chumba alichofia mama, chumba kisichofunguliwa, ndipo ukafika kwenye spika. Baba yao ndiye aliyeuvuta hivyo, na haukuwahi kubadilishwa.

"Mjinga mimi!" Kaka alijipiga paji la uso. "Waya wa kawaida, mrefu namna hii, unazoa kila takataka njiani. Tutie wa pini tatu. Huo unapeleka sauti mara mbili, moja imepinduliwa. Kinachodandia njiani kinaingia kote sawasawa. Kule mwisho spika inaipindua tena ile moja na kuziunganisha. Sauti ya kweli inabaki, mdandiaji anajifuta mwenyewe."

"Na ikishindikana tena?"

"Nitautafuna huo waya."

Akautumia waya wa zamani kuuvuta mpya njia ile ile, akauchomeka, akabonyeza. Mvumo ukakatika. Kitinda alianza kutabasamu, kisha akaisogelea spika. Aliyekuwa anaimba alikuwa mwanamke mgeni, mwenye sauti ya kukwaruza, akikatizwa na kikohozi.

"Umeiharibu!" alifoka. "Kutwa nzima, halafu unaniharibia! Mrudishe mama!"

"Sijagusa kaseti mimi!"

Sahani ilivunjika mlangoni. Shangazi alikuwa amesimama pale.

"Wifi yangu," alinong'ona. "Huyo ndiye wifi yangu. Kikohozi hicho ndicho kilichomuua."

Wakatazamana. Na kabla hata mmoja wao hajathubutu kuuliza ni nani basi aliyekuwa akiwaimbia miaka yote, harufu ya maziwa yaliyoungua ikapanda tena, nzito kuliko mwanzo, na kutoka chumba kilichofungwa, ambako hakukuwa na spika hata moja, ile sauti tamu ikaupokea wimbo pale pale ulipofika, ikiimba taratibu, ikivuta pumzi kila baada ya ubeti, ikisogea karibu na mlango kadiri kitasa kilivyozunguka.

"Kitinda," iliita kwa upole, kama mtu aliyeumizwa. "Mnanifukuza? Nani alikuwa anakulaza?"

"Usiitike, mwanangu," shangazi alisihi. "Nitazame mimi!"

Kitinda alitaka kumtazama. Lakini wimbo ulikuwa umeendelea, na kope zake, kwa mazoea, zilishaanza kujifumba.