Makala ya Borghild Dhidi ya Ndoa

"Borghild, nataka nikuoe," Eilif alisema, kichwa kikiwa kimezama kwenye mto wa hospitali.

"Hizo dawa zinakupanda kichwani, mzee. Miaka thelathini na tisa tunaishi pamoja, leo ndiyo unakumbuka kuoa?"

"Sijaanza leo. Nilishakwenda kwa baba yako kabla ya toleo la tano."

Borghild akaketi. Toleo la tano la jarida lao, Gjær, ndilo lililobeba makala yake ya kuipinga ndoa. Jarida lenyewe lilikufa likiwa changa, matoleo kumi na moja tu, siasa na mashairi humo humo, lakini makala ile haikufa. Mpaka leo wanawake wa mji wa Trondheim walikuwa wakimsimamisha dukani kumshukuru. Na Eilif, mpiga chapa wa jarida hilo, ndiye aliyeipanga herufi kwa herufi kwa mikono yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Ulishanijibu kwa maandishi, tena nikayachapa nakala elfu mbili."

Borghild alicheka, kisha machozi yakamtoka. Akamweleza alichokificha miaka yote: aliandika vile kwa kuogopa kumpoteza. Kwenye kikao cha wahariri alimsikia Eilif akiikejeli harusi ya dada yake mpaka watu wakashika mbavu, akadhani mwanamume huyu ukimtajia kanisa atatimka.

"Nilikuwa namcheka shemeji," Eilif alisema taratibu. "Alitumbukia baharini na suti yake."

Iliwauma wote wawili, na hakukuwa na wa kumlaumu.

Kesho yake mchungaji wa hospitali akawafungisha ndoa, mashahidi wakiwa nesi na mfanya usafi. Siku ya nne ya ndoa yao, Eilif akafariki.

Tangazo la msiba Borghild aliliandika mwenyewe, namba yake ya simu ikiwa chini: "Eilif, mume wangu mpenzi." Asubuhi lilipotoka gazetini, ujumbe ukaingia kwenye simu yake: "Umeandika MUME? Nipigie. Ni Gunnvor, msomaji wako wa zamani."

Akapiga.

"Mimi nilimkataa Arvid kwa sababu ya makala yako," sauti ya kikongwe ilisema bila hata salamu. "Nikabaki peke yangu, najiona shujaa. Kumbe mwenzangu unaolewa?"

Borghild aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

"Nisamehe, dada. Sikuandika nilichokitaka mimi. Niliandika nilichodhani anakitaka Eilif."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa, Gunnvor akaketi.

"Huyo Arvid yuko hai?" Borghild akauliza.

"Yupo. Mkewe alishafariki. Kila asubuhi namwona dirishani akiondoa theluji mlangoni kwake, hapo ng'ambo ya barabara."

"Basi vaa koti uvuke, dada. Mimi nimepata siku nne tu."